Walisema Alilala

Rafiki yake alimfungia ndani ya chumba cha kukaushia mashuka, akamwacha humo mpaka akakaribia kukata roho, kisha akasimama mbele ya wafanyakazi wenzao akasema kwamba aliingia humo kulala. Hilo ndilo kosa lililotendeka. Lisemwe kwanza, lisije likapotea katikati ya maneno mengine, kwa maana maneno mengi yamesemwa tangu siku hiyo, na karibu yote yalikuwa ya kulifunika.

Mwanamke aliyetendewa hayo walimwita Mama Mikunjo. Alipiga pasi na kukunja mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo za hoteli na nyumba za wageni, na jina alilipata kwa kazi yake. Shuka alilolikunja yeye, pembe ilikaa juu ya pembe kama kope juu ya kope, hata ukilitupa halifunuki. Shule aliiona kwa nje tu, akipita. Lakini mikono yake ilijua kazi, na kwa mikono hiyo alimlea binti yake peke yake tangu baba mtu alipofariki.

Huyo rafiki naye hakuzaliwa msimamizi. Alikuja pale kiwandani amevaa kandambili za rangi mbili, moja ya kununua na moja ya kuokota, na aliyemshika mkono akampeleka kwa bosi ni Mama Mikunjo. Aliyemfundisha kunyunyiza wanga bila kuacha madoa ni Mama Mikunjo. Walikula sahani moja, wakaazimana nguo za harusini, wakazikiana wazazi. Baadaye mmoja akapewa funguo na filimbi, akawa Msimamizi. Mwingine akabaki na pasi yake. Mama Mikunjo hakuona wivu. Alisema, "Mwenzangu akipanda, na mimi nimepanda." Wahenga walishamwambia mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi, lakini nani huwasikiliza wahenga wakati anacheka na rafiki yake?

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma, karibu na boila. Siku za jua mashuka yalianikwa kwenye kamba uani. Siku za mvua yaliingizwa humo, katikati ya mabomba ya mvuke yaliyozunguka kuta zote. Mlango ulikuwa wa mbao nzito zilizopigwa bati, na kwa sababu ya joto ulikuwa umepinda, haukai bila komeo. Komeo lilikuwa nje. Ndani hapakuwa na kishikio wala tundu wala kitu chochote cha kuvuta. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa na desturi yao, kongwe kuliko yeyote aliyekuwepo: anayeingia huvua aproni akaitundika kwenye msumari ulio juu ya mlango. Anayepita nje akiiona, hagusi komeo. Hata mgeni wa siku ya kwanza, kabla ya kuonyeshwa choo kilipo, aliambiwa: "Aproni msumarini, mtu ndani."

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na wageni walikuwa wanakuja, wakubwa wa hospitali iliyotafuta mahali pa kufulia mashuka yake. Bosi alishinda juma zima akifoka kuhusu usafi. Mama Mikunjo akavua aproni yake, ile yenye uzi mwekundu aliouzungushia kwenye kamba ili isichanganyike na za wenzake, akaitundika, akaingia kuanika.

Alikuwa nyuma kabisa, mikono juu, aliposikia mlango ukibamizwa na komeo likishuka.

Mwanzoni alicheka. "We nani?" aliita. "Fungua bwana, nisije nikatoka humu nimekauka kama samaki!" Akabisha. Akabisha tena. Nje mashine zilinguruma, na juu ya ngurumo hiyo akasikia sauti za watu wakipita, sauti za heshima, na sauti ya rafiki yake ikieleza jambo kwa adabu. Akaita jina la rafiki yake. Sauti zikasogea mbali.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyewahi kufungiwa na mvuke hawezi kuambiwa akaelewa. Hewa ikawa nzito kama uji ndani ya pua. Vidole vilichubuka kwa kupiga bati. Alipoona nguvu zinamwisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimgeukia: akavuta mashuka yaliyokuwa bado mabichi, akayatandika chini kando ya mlango ili mwili upate ubaridi, akajilaza juu yake, mdomo kwenye upenyo wa chini ambako uzi mwembamba wa hewa ulikuwa unapita. Hapo ndipo alipokutwa.

Aliyefungua ni Mzee wa Boila, ambaye masikio yake yalishaliwa na kelele za mashine zamani. Wala hakuja kumtafuta yeye. Alikuja kutazama bomba. Akaona mwanamke amejinyoosha juu ya mashuka, macho yamefumba. Akageuka akaita, "Njooni! Mama Mikunjo kalala huku!"

Hakusema kwa ubaya. Ndilo neno lililomjia. Lakini neno likishatoka mdomoni halina mwenyewe. Kila mtu hulibeba anakotaka.

Kesho yake asubuhi bosi aliwakusanya wote kwenye chumba cha kukunjia. Akauliza imekuwaje. Msimamizi akasimama, filimbi kifuani, akasema bila kutikisika:

"Msumari ulikuwa mtupu. Mimi ningefungaje kama aproni ingekuwepo? Aliingia kupumzika, akaficha aproni asijulikane yumo. Tena wenyewe mlimkuta katandika."

"Na hakutandika la kitanda chembamba!" mmoja akadakia kutoka nyuma. "Kachagua la watu wawili!"

Wakacheka. Si wote walicheka kwa furaha. Wengine walicheka kwa sababu bosi alitabasamu. Mama Mikunjo alisimama na vidole vyake vilivyofungwa vitambaa.

"Mwenzangu," alisema, "niangalie. Niangalie machoni uyaseme tena hayo."

Msimamizi akaiangalia filimbi.

Aproni ilionekana ndani ya beseni la kulowekea, pamoja na aproni nyingine chafu, uzi wake mwekundu ukielea. Mama Mikunjo aliinyanyua ikichuruzika maji, akawaonyesha. "Itakuwa umeitia mwenyewe," Msimamizi akajibu, na hapo kesi ikaisha. Bosi alisema hamfukuzi kwa kuwa yeye ni mtu wa huruma. Akamwondoa kwenye pasi, akampeleka kuchambua nguo chafu, kazi wanayopewa wasiojua kazi. Na kiwanda kikampa jina jipya. Mama Mikunjo akawa Mama Usingizi.

Jina lenyewe lilimjia wakati usingizi umeshamhama.

Alikuwa anaishi na binti yake katika chumba kimoja chenye pazia katikati, kwenye nyumba ya wapangaji wengi wanaopakana ukumbini. Binti alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule kwa mtu, akiondoka alfajiri. Usiku wa kwanza baada ya kufungiwa binti alifunga mlango kama kawaida, akazima taa. Mama akapitiwa na usingizi kidogo tu, kama mtu anayechovya kidole kwenye maji, halafu akainuka amekaa, ameshika kifua. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayegonga mlango kutoka ndani. Mikono ikafa ganzi. Jasho likamtoka hata kwenye nyayo.

"Mwanangu, nakufa."

Binti akawasha taa, akamletea maji, akampepea na daftari la vipimo. Baada ya muda moyo ukatulia, wakatazamana kama watu walionusurika na gari. "Umeota vibaya, mama." Mama akakubali kwamba ameota. Lakini ilirudi, ikarudi tena, na kila iliporudi ilimkuta mlangoni pa usingizi, mguu mmoja ndani, ikamvuta nje kwa nywele. Mwisho akawa hakiogopi tena chumba cha kukaushia peke yake, anakiogopa kitanda. Wenzake hufurahi kazi ikiisha warudi kulala, yeye angetamani jioni isifike.

Akaona dawa ni kuacha mlango wazi. Mlango ukiwa wazi kifua kinapungua uzito. Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza.

"Mama, wezi!"

"Wataiba nini? Pazia?"

"Watanikuta mimi nimelala, mama. Mimi mtoto wa kike."

Basi wakafunga mlango, na mama akalala kwenye kiti nje ukumbini, amejifunika kanga. Jirani wa chumba cha mwisho, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili, akipita kwenda msalani humkanyaga miguu makusudi. "Bibi mlinzi," humwambia, "na mshahara wanakulipa?" Siku nyingine: "Nyie chumba mnalipia wawili analala mmoja, si mnikodishie mimi upande?" Mama Mikunjo alijibu kwamba angempa upande huo bure, mradi ampe na usingizi wake anaokoroma mpaka ukuta unatikisika. Jirani akacheka, akaenda zake. Yeye akabaki amekodoa macho.

Mchana alikuwa kama mtu aliyekunywa. Alichanganya taulo na vitambaa vya meza. Aliita watu kwa majina ya wengine. Mara moja alisinzia amesimama, mikono ndani ya fungu la nguo, na kiwanda kizima kikapata walichokuwa wanakitafuta. "Si mnaona? Si mnaona? Na bado mlisema kaonewa!" Hata ushahidi wa dhuluma aliyofanyiwa uligeuka ukawa ushahidi dhidi yake.

Lakini lililomuumiza kuliko yote lilitoka chumbani mwake mwenyewe. Binti, siku moja, huku anasuka nywele zake na meno yameshika kitana, akasema polepole:

"Lakini mama, siku zile ulikuwa umechoka sana. Labda kweli ulipitiwa kidogo. Si dhambi."

Mama Mikunjo aliinuka. Alitoka akaenda kukaa bombani, akafungua maji yakamwagika bure mpaka mwenye nyumba akamfokea. Uchungu wa kudharauliwa na watu unaweza kutemwa kama mate. Mtoto uliyemzaa akikutilia shaka, utautemea wapi?

Ndipo akaenda zahanati, akiwa na hakika kwamba moyo wake umeoza na kwamba wakimpasua watauona. Nesi alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akamkaribisha, akasukuma mlango ukafunga ili waongee kwa faragha.

Hakumaliza hata kusema "karibu ukae". Mama Mikunjo alishaliona lile bati, alishausikia ule mvuke. Alishika ukingo wa meza, akapiga magoti, akawa anavuta pumzi kama aliyetolewa mtoni. Nesi hakupiga kelele. Aliinuka akaufungua mlango wazi kabisa, hata waliokuwa kwenye foleni wakachungulia, akachuchumaa naye sakafuni.

"Mama, usivute. Toa. Toa pumzi polepole, kama unapuliza chai ya moto. Hivyo. Tena. Niambie unaona nini hapo mbele yako."

"Naona viatu vyako vimechanika."

"Vimechanika kweli. Na nini tena?"

"Naona... ndoo. Naona paka."

"Paka wa nani tena humu!" Nesi akageuka, na paka alikuwepo kweli, chini ya benchi. Wote wawili wakacheka, mmoja akiwa bado analia.

Alimpima. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma. "Moyo huu ni mzima kuliko wangu," alisema. "Huu ni ugonjwa wa hofu, mama. Hofu ilikuingia mahali ikakataa kutoka. Inakushambulia mwili, unadhani ni kifo. Inatisha kama kifo, lakini si kifo. Inapanda, inafika mwisho, inashuka. Ukijua kwamba itashuka, umeshaipunguzia nguvu."

"Nisaidie nilale, basi. Nipe dawa."

"Dawa ya vidonge daktari akija atakuona tuone kama inafaa. Kwa sasa nisikilize. Chai kali jioni acha. Usingizi wa mchana acha, hata ukikubembeleza. Na kitandani usikae unapigana. Usingizi ukikataa, inuka, kaa pengine, fanya kazi ya mikono isiyo na akili, mpaka macho yenyewe yaombe. Na hiyo pumzi ya kupuliza chai, ifanye hata ukiwa mzima, ili siku ya vita isiwe ngeni."

Mama Mikunjo alitoka amenuna. Alimwambia binti, "Nimekwenda kueleza ugonjwa, nafundishwa kupumua. Kwani miaka yote hii nilikuwa nafanya nini?"

Hata hivyo alijaribu, kwa kuwa mfa maji haulizi unyasi una nguvu gani. Kazi ya mikono isiyo na akili aliyokuwa nayo ni moja tu. Alichukua shuka lake kuukuu, akawa anainuka nalo, anakaa kwenye kiti, anakunja. Pembe kwa pembe, anatoa pumzi. Nusu kwa nusu, anatoa pumzi. Likiisha analikung'uta, anaanza upya. Na lazima isemwe kweli: ilimsaidia. Mashambulio hayakuisha, lakini alianza kuyaona yakija kutoka mbali, kama mvua inayokuja kwenye mabati ya jirani. Kuna siku alirudi kitandani akapata usingizi mfupi, mwembamba, wa kuvuja, lakini ni usingizi. Binti akajitolea kuacha mlango wazi kidogo, wakaufunga kamba ili usifunguke zaidi. Waliishi hivyo. Hakupona. Alikuwa anashikilia tu, kama mtu aliyeshika tawi na mto unapita.

Kisha mvua zikarudi, na Msimamizi akatangaza zamu mpya. Kila mtu, bila kuchagua, ataanika kwenye chumba cha nyuma.

Zamu ya Mama Mikunjo ilipofika alivua aproni yake akaenda mpaka mlangoni. Joto lilipompiga usoni, miguu ikakataa. Alipuliza chai. Alitaja anavyoviona: bomba, beseni, ukuta. Akatundika aproni msumarini, ikaanguka; akaiokota akaitundika tena, ikaanguka tena. Wengine walisimamisha kazi kumtazama.

"Jamani, mtandikieni kwanza!" mmoja akasema.

Akaanguka yeye mwenyewe, pale pale, mikono imekunjamana, akipumua kwa vipande. Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee wa Boila ndiye aliyemburuta mpaka uani kwenye hewa. Na katika kuinua macho, Mama Mikunjo alimwona rafiki yake amesimama kwenye kizingiti, uso umepauka kama shuka lililoiva kwa dawa, mkono umeziba mdomo.

Jumapili yake, alasiri, Msimamizi akaja nyumbani. Hakuwa amekanyaga pale tangu kesi. Alikuja bila filimbi, amevaa gauni la nyumbani, na chini ya macho yake palikuwa na vivuli ambavyo Mama Mikunjo alivijua vizuri, kwa sababu alivikuta kila asubuhi kwenye kioo chake. Binti alikuwa ametoka. Mama Mikunjo hakumwambia karibu, wala hakumfukuza. Mgeni akakaa mwenyewe, kwenye kile kiti.

"Mwenzangu," akaanza.

"Nani mwenzako?"

"Usinifanyie hivyo. Nimekuja kwa miguu yangu." Akawa anakunja na kukunjua ncha ya gauni. "Niliitoa mimi. Ile aproni. Niliiona pale ina madoa, wageni wako getini, nikadhani mtu kaisahau. Nikaitupa kwenye beseni. Mlango nikaufunga usionekane umepinda."

Mama Mikunjo alihisi moyo ukianza safari yake. Alitoa pumzi polepole. "Uliisikia sauti yangu?"

Mgeni akatazama chini.

"Nakuuliza. Niliita jina lako. Ulisikia?"

"Nilisikia kugonga." Sauti ilikuwa ndogo. "Wageni walikuwa mbele yangu, bosi pembeni. Nikasema moyoni, wakitoka tu namfungulia. Sasa wakaomba waonyeshwe na stoo. Wakaomba na chai. Nikitaka kuondoka bosi ananiita. Mwenzangu, nakuapia, kila nikisogea wananiita."

"Ukawapa chai."

"Nikawapa chai."

Ukumbini jirani alikuwa anamfokea mtu kuhusu ndoo.

"Na kesho yake ukasema nililala."

"Ningesema nini? Ningesema nilikuwa nasikia? Ningekwenda wapi na watoto wangu?" Akaanza kulia, akamshika mkono. "Silali. Nakwambia silali. Nikifumba macho nasikia ule mlio. Ule ugongaji. Ulipoanguka juzi nikasema leo amekufa na mimi ndiye. Nisamehe. Nisamehe nipate usingizi hata wa usiku mmoja."

Kumbe alikuja kuomba kitu ambacho mwenyeji wake mwenyewe hana. Mama Mikunjo aliutazama ule mkono uliomshika, mkono aliouonyesha mwenyewe namna ya kukamata pasi. Kwa kitambo kidogo alitamani kusema ndiyo. Kusamehe ni kazi nyepesi ukilinganisha na kukesha. Lakini akakumbuka binti yake na kitana mdomoni.

"Uliponisingizia hatukuwa wawili," alisema. "Tulikuwa kiwanda kizima. Rudi kulekule, useme haya haya, kwa mdomo huo huo. Hata yale ya chai ukitaka yaache. Sema tu aproni ilikuwepo. Siku hiyo nitakusamehe mbele yao, na nitakuletea mto wangu ulalie."

"Nitasema," Msimamizi akajibu, akijifuta. "Kesho asubuhi kabla ya kazi. Haki ya Mungu nitasema."

Na usiku huo Mama Mikunjo hakulala, lakini kwa mara ya kwanza haikuwa kwa hofu. Alimweleza binti yote. Binti alisikiliza, akauliza, "Kweli atasema?" na mama akasikia ndani ya swali hilo kwamba bado anasubiriwa shahidi.

Asubuhi walikusanyika. Bosi naye alikuwepo, mikono mfukoni, kwa kuwa mkataba wa hospitali ulikuwa umepatikana na alitaka kuwapongeza. Msimamizi akasimama mbele, filimbi kifuani. Akazungumzia sabuni inavyoharibiwa. Akazungumzia wanaochelewa. Akaishika filimbi, akaiachia.

"Basi," Msimamizi akasema, "tuendelee na kazi."

"Bado," Mama Mikunjo akasema kwa sauti. "Hujamaliza. Waambie uliyoniambia jana nyumbani kwangu."

Watu wakageuka. Bosi akatoa mikono mfukoni. Msimamizi alimtazama rafiki yake machoni, safari hii alimtazama kweli, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Kisha akawageukia wengine, akasema kwa upole mkubwa:

"Jamani, mwenzetu anaumwa. Juzi wote mlimwona alivyoanguka. Mtu asiyelala huona na kusikia mambo ambayo hayakuwepo. Tusimcheke tena. Tumwombee."

Wakaitikia kwa huruma. Walewale waliomtania walimpapasa bega walipokuwa wanampita. Hilo bega ndilo linalomuwaka mpaka leo, kuliko vidole, kuliko kifua. Kejeli angeweza kuijibu. Huruma hiyo ilimfunga mdomo kuliko komeo.

Sasa bado anachambua nguo chafu, maana lazima wale. Chumba cha nyuma hapelekwi. Wamemwandikia kuwa mgonjwa. Anafanya pumzi zake, anakunja shuka lake, anarudi kwa nesi siku akiitwa, na daktari amempa vidonge vinavyomfumba macho bila kumpumzisha. Kuna asubuhi anajikuta amelala kidogo. Kuna juma zima hajajikuta popote. Binti anamwambia, "Nakuamini, mama," lakini anamwambia mara nyingi mno, kama mtu anayejifunza kulisema.

Bosi anadaiwa kishikio upande wa ndani wa ule mlango, maana watu bado wanaingia humo kila mvua ikinyesha. Mzee wa Boila anadaiwa kurudi kwa watu na kuwaambia kwamba neno "kalala" lilimtoka tu, na kwamba alimkuta Mama Mikunjo mdomo umebanwa kwenye upenyo wa mlango, jinsi asivyolala mtu yeyote. Na Msimamizi anadaiwa sentensi moja, aproni ilikuwepo, isemwe asubuhi, kwenye chumba cha kukunjia, watu wote wakiwa wamesimama na binti wa Mama Mikunjo ameitwa asikilize. Mpaka leo hajaisema.